Walipokuwa hawajulikani: filamu tatu za magauni marefu, uanze na ipi?

Ijumaa jioni mdogo wangu aliniandikia: "Dada, nina bando la filamu moja tu wikiendi hii. Nataka zile zako za magauni marefu. Nianze na ipi?"

Swali lilikuwa fupi, jibu likanisumbua mpaka usiku. Zile "zangu" ni nyingi, na nyingine, tusidanganyane, zinachosha. Zipo ambazo unatazama mapazia na farasi saa mbili nzima, halafu unakwenda kulala bila kukumbuka nani alimwoa nani.

Nikachuja mpaka zikabaki tatu: A Room with a View ya 1985, Sense and Sensibility ya 1995, na Pride & Prejudice ya 2005. Zimepishana miaka kumi kumi, wala sikupanga. Ya kwanza imetokana na riwaya ya E. M. Forster ya 1908, na hizo mbili nyingine na riwaya za Jane Austen, za 1811 na 1813. Katika zote kuna binti wa Kiingereza ambaye ndugu na majirani wameshamkadiria aolewe na nani, na moyo wake haujaulizwa. Lakini mimi sizirudii kwa ajili ya hadithi, maana mwisho wake naujua. Nazirudia kwa ajili ya sura. Humo ndani kuna vijana ambao leo majina yao yanauza filamu peke yake, na pale walipo bado hakuna anayewajua, wengine hata wenyewe hawajijui.

Kwa hiyo nalinganisha kwa jicho hilo tu. Kama unatafuta filamu yenye mavazi mazuri kuliko zote au nyumba kubwa kuliko zote, utanisamehe.

Mwanzo si mmoja

Tunasema "kazi yake ya mwanzo" kana kwamba mwanzo ni wa namna moja. Hapa kuna namna tatu, na ukizichanganya utachagua vibaya.

Helena Bonham Carter alizaliwa Mei 1966. Alipoigiza Lucy Honeychurch kwenye A Room with a View alikuwa na miaka kama 19, na hakuwa amepitia chuo chochote cha uigizaji. Alikuwa ameshashiriki filamu nyingine, Lady Jane, lakini hiyo ilichelewa kutoka, kwa hiyo watazamaji walimfahamu kupitia Lucy. Huo ni mwanzo hasa, mkono mtupu. Na unaonekana. Kuna sentensi anazitoa kwa haraka kama mtoto anayesoma ubao kabla mwalimu hajaufuta. Kuna mahali anakunja uso hata pasipo na sababu. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu. Nilipoitazama mara ya tatu nikaona kwamba Lucy mwenyewe ndivyo alivyo: binti aliyefundishwa adabu zote za nyumbani kwao na hakufundishwa kujua anachotaka. Mwigizaji mzoefu angelazimika kuuigiza ule uchanga. Yeye alikuwa nao.

Kate Winslet naye alikuwa na miaka 19 walipopiga Sense and Sensibility mwaka 1995. Yeye alikuwa ameshaonekana kwenye Heavenly Creatures ya 1994, na mtu aliyeiona hiyo hakushangaa. Huyu si mkono mtupu. Ni mtu anayejua ana moto, ila bado hajajua kuupunguza.

Keira Knightley ndiye anayewachanganya wengi. Alikuwa na miaka 19 walipopiga Pride & Prejudice majira ya joto ya 2004, na kwa hesabu ya umri ni kijana kama wale wengine. Lakini alishakuwa nyota: Bend It Like Beckham ilitoka 2002, ile ya maharamia wa Karibi ikafuata 2003. Akiingia kwenye picha, kamera inajua huyu ni nani. Ukitaka kumwona anayeanza kwenye filamu hiyo, acha kumtazama steringi, tazama nyuma yake. Yule mdogo wake, Kitty, binti wa nne kati ya watano, anayecheka kila Lydia kitinda mimba akicheka, ni Carey Mulligan, na ile ndiyo filamu yake ya kwanza kabisa. Alikuwa hajakubaliwa kwenye vyuo vya uigizaji. Akamwandikia barua mtunzi Julian Fellowes, ambaye aliwahi kuzungumza shuleni kwao, na njia ikafunguka kutokea hapo mpaka kwenye majaribio ya filamu hii.

Kwa hiyo: mmoja anaanza akiwa steringi, mmoja anaanza akiwa na moto mkononi, mmoja anaanza akiwa mtu wa tano kwenye meza ya chai. Kila mwanzo una raha yake.

Kiatu cha Cecil

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penyewe.

Katika A Room with a View, Lucy anachumbiwa na bwana mmoja aitwaye Cecil Vyse. Tajiri, msomi, anatembea shingo imekakamaa kama aliyelalia mto mbaya, kitabu mkononi, na puani ameweka ile miwani ya kizamani isiyo na mikono, inayobana pua tu. Wenzake wakicheza tenisi, yeye hachezi, anazunguka akiwasomea kitabu kwa sauti, tena hakuna aliyemwomba. Anapotaka kumbusu mchumba wake anaanza kwa kuomba ruhusa, na busu lenyewe linapofika, miwani inakaa vibaya na kila kitu kinaharibika. Utacheka. Mimi nilicheka mpaka nikasimamisha picha.

Huyo ni Daniel Day-Lewis. Ndiyo, yule mwanamume pekee mwenye tuzo tatu za Oscar za mwigizaji bora, za My Left Foot, There Will Be Blood na Lincoln. Wakati huo alikuwa ameshaonekana hapa na pale, ikiwemo nafasi ndogo kwenye Gandhi ya 1982, lakini mtaani hakuwa jina.

Tarehe 7 Machi 1986 filamu zake mbili zilianza kuonyeshwa New York siku hiyo hiyo. Moja ni hii. Nyingine ni My Beautiful Laundrette, ambamo ni Johnny, kijana wa mitaani wa London mwenye nywele zilizopakwa rangi, anayeendesha duka la kufulia nguo pamoja na kijana wa Kipakistani anayempenda. Waandishi wa habari za filamu walitoka ukumbi mmoja wakaingia mwingine na hawakuamini kwamba ni mtu yule yule. Hata leo ukiziangalia mfululizo, hutafuti tofauti kati ya Johnny na Cecil. Unatafuta kinachofanana, na hukipati. Hata bega la kushoto halifanani.

Lakini kilichonifanya nimwandikie mdogo wangu ujumbe mrefu namna ile si vichekesho. Ni usiku ambao Lucy anamkataa. Filamu nzima umemcheka Cecil, umemsubiri akataliwe. Sasa anakataliwa, na yeye, badala ya kuwa kichekesho kikubwa zaidi, anakuwa mtu. Anasikiliza. Anakubali kwamba mengi anayoambiwa ni kweli. Lucy akishapanda juu, Cecil anabaki peke yake, anakaa kwenye ngazi na kuvaa viatu vyake. Basi. Mtu mzima, amevaa vizuri, kaachwa, ameinama anafunga kamba za viatu. Hasemi neno. Muziki haumsaidii sana. Na wewe uliyekuwa ukimcheka unaona haya kwa niaba yako mwenyewe.

Hiki ndicho ninachokitafuta kwenye kazi za mwanzo: si machozi wala hotuba, bali mwigizaji kijana aliyeachiwa muda wa kuwa kimya, tuone atafanya nini nao. Ukilishika hilo, utaweza kulinganisha hizi tatu wewe mwenyewe bila mimi.

Kimya cha hao wengine

Winslet hanyamazi, na Marianne Dashwood hakuumbwa anyamaze. Ni binti wa mashairi: anapanda kilima kwenye mvua na kukariri Shakespeare akiitazama nyumba ya mwanamume aliyemwacha. Kwenye mikono ya mwigizaji mwingine ungeona kero. Ila kuna ule usiku wa dansi London. Marianne hajamwona Willoughby kwa wiki nyingi, barua zake hazijajibiwa, halafu anamwona ng'ambo ya ukumbi. Anaita jina lake kwa sauti, kwa furaha, mbele ya watu ambao hawaiti majina kwa sauti. Anamwendea mikono mbele. Willoughby anamjibu kwa adabu ile ya baridi wanayotumia na watu wasiowafahamu. Hapo mtazame Winslet. Furaha haifi mara moja. Inabaki usoni sekunde moja au mbili baada ya sababu yake kwisha, kama taa inayochelewa kuzimika. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hii, akachukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi, na kwa maoni yangu ni kwa ajili ya sekunde hizo mbili. Miaka miwili baadaye ikaja Titanic na dunia nzima ikamjua.

Knightley alipewa zawadi kubwa zaidi na mwongozaji wake, Joe Wright, ambaye naye alikuwa anaongoza filamu yake ya kwanza ya sinema. Baada ya Darcy, yule tajiri mwenye majivuno, kumposa kwenye mvua na kukataliwa kwa maneno makali, Elizabeth, yaani Keira, anasimama mbele ya kioo. Hasogei. Mwanga unabadilika, mchana unakuwa usiku, na kamera haijaondoka usoni kwake. Darcy anaingia kwa nyuma, anaacha barua, anaondoka. Ni pazuri. Lakini nikiwa mkweli, pale ni kazi ya mwanga na ya mwongozaji kuliko ya Keira. Yeye namsifia zaidi kwenye kasi: anavyojibu, anavyokatiza, anavyozuia kicheko puani pale Mr Collins, binamu yake mchungaji, anapojisifu. Tuzo ya Oscar aliteuliwa kuwania akiwa na miaka 20, na kuna wakongwe waliokunja midomo. Mimi sikukunja.

Halafu kuna Kitty. Hili ni zoezi ninalompa kila mtu aliyeipenda Pride & Prejudice: irudie, na mara hii usimtazame yeyote ila Carey Mulligan. Hana sentensi nyingi. Lakini ameamua jambo moja na halivunji kamwe: Kitty yuko nusu hatua nyuma ya Lydia kwa kila kitu. Anaanza kucheka Lydia akiwa tayari anacheka. Anakimbia Lydia akiwa ameshakimbia. Hata macho yake yanakwenda kwanza kwa Lydia, kuangalia anachopaswa kuhisi, ndipo anahisi. Hiyo ni kazi ya mtu wa miaka 19 ambaye angeweza kusimama tu pale avae kofia alipwe. Miaka minne baadaye, kwenye An Education, naye aliteuliwa kuwania Oscar. Rosamund Pike, dada mkubwa Jane kwenye filamu hii, ilimbidi asubiri mpaka Gone Girl ya 2014.

Wazee waliowasindikiza

Mwigizaji kijana haanzi peke yake. Anaanza mbele ya mtu anayemzidi, na filamu hizi tatu zinatofautiana sana hapo.

Katika ile ya 1985, Lucy amesafiri Florence, Italia, akisindikizwa na binamu yake mtu mzima, Charlotte Bartlett, na Charlotte ni Maggie Smith. Kwenye nyumba ile ile ya wageni kuna mwandishi wa riwaya mwenye umbea mtamu, Eleanor Lavish, na huyo ni Judi Dench. Mzee Emerson, mgeni mwingine pale na baba wa George ambaye Lucy atampenda, ni Denholm Elliott. Fikiria una miaka 19, hujasomea kazi, na asubuhi unaambiwa leo utapiga picha na Maggie Smith. Mama yule anaweza kukunyang'anya tukio zima kwa kukataa kiti tu, na humu anawanyang'anya watu matukio kila kukicha. Bonham Carter anashindwa mara nyingi, na kushindwa kwake kunapendeza, kwa sababu Lucy naye anashindwa na Charlotte kila siku. Mpaka karibu na mwisho, anapokaa na Mzee Emerson na uongo wote aliomdanganya kila mtu unamwishia. Pale Denholm Elliott hamnyang'anyi kitu. Anamwachia. Utaona binti yule anakua mbele ya macho yako, na sidhani kama ni Lucy peke yake anayekua.

Rupert Graves, mdogo wake Lucy, naye alikuwa anaanza filamu pale pale, na anaruka ruka humo ndani kama mbuzi aliyekatika kamba. Julian Sands, George mwenyewe, kwangu ndiye dhaifu wao, mzuri wa sura na mgumu wa ulimi, ingawa wengi hawakubaliani nami. Alifariki 2023 milimani California, na tangu hapo nikimwona amepanda juu ya mti akiuita ulimwengu kwa sauti, nanyamaza.

Ya 1995 mzee wake si mzee. Ni Emma Thompson, ambaye aliandika muswada wa filamu na pia akaigiza dada mkubwa, Elinor. Muswada huo ulimpa Oscar ya pili. Ya kwanza aliipata kwa kuigiza, kwenye Howards End, na hakuna mwingine aliyewahi kuzipata zote mbili, ya kuigiza na ya kuandika. Mwongozaji ni Ang Lee, mtu wa Taiwan, anayeitazama Uingereza ya zamani bila kuionea haya wala kuisujudia. Thompson anamshikilia Winslet kama dada anayeshika upindo wa gauni la mdogo wake asianguke. Yeye anabana kila kitu ndani ili mwenzake amwage. Kisha mwishoni, Hugh Grant, yaani Edward ambaye Elinor amempenda kimya kimya, anapokuja na kusema kwamba hakuoa, Thompson anaachia kilio kimoja ambacho si cha kupendeza hata kidogo, kilio cha pua na kifua, na wote waliomo chumbani wanatoka mbio. Huo si uigizaji wa mwanzo, lakini sina namna ya kuuruka.

Hapo hapo chukua na Alan Rickman, aliyekuwa akijulikana kama adui wa Die Hard, anakuja kuwa mwanamume mpole kuliko wote. Hugh Laurie ana sentensi chache, amejificha nyuma ya gazeti, na karibu kila sentensi inachoma. Na kwa wale waliokua na Harry Potter, mtawakuta Thompson, Rickman, Imelda Staunton, Gemma Jones na Robert Hardy, wote watano ndani ya filamu moja kabla ya uchawi.

Ya 2005 inamrudisha Judi Dench, miaka 20 baada ya Florence, safari hii akiwa Lady Catherine. Anagonga hodi usiku nyumbani kwa akina Bennet kumtisha Elizabeth asiolewe na mpwa wake. Tukio ni fupi. Knightley hashindani naye kwa sauti. Anasimama tu, anajibu kidogo kidogo, anakataa kutoa ahadi. Kama unataka kuona kijana aliyesimama imara mbele ya bibi mwenye mamlaka, ni hapo, wala si kwenye mvua na Darcy. Ingawa najua nyote mtakwenda kwenye mvua na Darcy, na kwenye ule mkono wake anaoukunjua baada ya kumsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi. Haya, nami nimeurudia. Matthew Macfadyen hakuwa mtu wa mbele wakati huo nje ya televisheni ya Uingereza. Leo vijana wanamjua kama Tom wa mfululizo wa televisheni wa Succession, na ukimwona Tom hutaamini ule mkono.

Mambo ya sebuleni

Kabla hujabonyeza, uliza: utatazama na nani?

A Room with a View ina tukio la bwawa. Vijana wawili na mchungaji wa kanisa wanavua nguo zote, zote kabisa, wanaoga na kukimbizana kwenye majani, na hapo hapo mama mtu, Lucy na Cecil wanatokea wakitembea. Ni tukio la furaha tupu, halina uchafu, ila kamera haifichi. Usiitazame na baba mkwe. Mimi niliwahi kuitazama na mjomba, na mjomba aligundua ghafla kwamba hajamwagilia mchicha.

Sense and Sensibility ni salama kwa nyumba nzima, bibi mpaka wajukuu, isipokuwa ni ndefu, saa mbili na robo, na watoto watalala. Pride & Prejudice nayo ni salama; busu liko mwishoni, tena kwenye toleo la Marekani tu, kwa sababu toleo la Uingereza linakatika kabla, baba mtu akiwa ametoa baraka zake.

Kiingereza: ya 2005 wanaongea mbio na wote kwa pamoja, akina dada watano kwenye nyumba yenye bata na nguruwe, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Ya 1995 wanaongea taratibu. Ya 1985 maneno ni mepesi ila utani umefichwa. Mtu anasema "bila shaka" akimaanisha "thubutu", na usipoukamata utadhani hakuna kinachotokea. Ndiyo maana wengi huiacha dakika ya 20. Vumilia mpaka warudi Uingereza.

Fedha nazo zinaonekana. Ya 1985 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3, ya 1995 kama milioni 16, ya 2005 kama milioni 28. Cha ajabu ni kwamba ile ya bei ndogo ndiyo iliyobeba Oscar nyingi kati ya hizi: tatu, za muswada, mapambo na mavazi. Ya 1995 ilipata moja, ya muswada. Ya 2005 iliteuliwa mara nne ikarudi mikono mitupu.

Basi ipi?

Ukiwa unapenda kutazama kazi ya uigizaji kama fundi anavyotazama mshono, kwa kuigeuza nguo upande wa ndani, nenda 1985. Humo kuna mwanzo wa kweli, kuna wakongwe, na kuna Cecil. Sina filamu nyingine ya magauni marefu inayonipa vyote hivyo pamoja, na ningeambiwa nibaki na moja maishani ningebaki na hiyo, bila kupepesa.

Ukiwa hujawahi kuangalia hata moja ya aina hii, usianze na hiyo. Anza na 1995. Hadithi inashika haraka, kwa sababu inaanza na jambo tunalolijua vizuri: baba anakufa, mali inakwenda kwa mtoto wa kiume wa mke wa kwanza, na mjane na mabinti wanapewa ahadi ambazo wifi anazipunguza kidogo kidogo mpaka zinakwisha. Nani huku kwetu anahitaji kuelezwa hilo? Winslet atafanya mengine.

Ya 2005 mpe kijana asiyetulia, anayesema filamu za zamani zinamchosha. Kamera inakimbia, matope yako kwenye upindo wa gauni, nywele hazijachanwa. Wale wanaoapa kwa ule mfululizo wa BBC wa 1995 na Colin Firth wake watakuambia hii ni ya kitoto. Waache. Wana saa sita za kukaa. Wewe una mbili.

Nikamjua mdogo wangu: hajawahi kuona hata moja, na wikiendi yuko kwa mama. Nikamwambia Sense and Sensibility, nikamalizia kwa kumsimulia habari za Cecil na viatu, maana sikuweza kujizuia.

Jumapili usiku akaandika. Walitazama wote wawili. Mama, alisema, alimshuku Willoughby tangu alipombeba Marianne kwenye mvua: "Mwanamume anayekubeba siku ya kwanza, siku ya pili atakushusha wapi?" Na pale kwenye dansi, jina lilipoitwa ng'ambo ya ukumbi, mama alishika mdomo, akasema tu, "Jamani, mtoto wa watu," na hakuongea tena mpaka Rickman alipoanza kuzunguka nje ya chumba cha mgonjwa akiomba apewe kazi yoyote ya kufanya.

Kisha ujumbe wa pili: "Dada, bando limebaki kidogo. Ile ya viatu ni dakika ya ngapi, niruke moja kwa moja?"

Nikamjibu asiruke, angoje bando jingine. Bila kumvumilia Cecil saa nzima na ushee, ataona mtu anavaa viatu tu.